Lugha ya Wodini: Kiswahili na Ujirani wa Makabila na Dini katika Hospitali za Kenya

Tangu kitabu juu ya lugha nchini Kenya kilichohaririwa na Whiteley kilipotolewa mwaka 1974, wanaisimujamii wamezoea kuchunguza shule, mahakama, soko na ofisi. Hospitali haikupata kuangaliwa kwa makini kama hayo, ingawa ni mojawapo ya mahali pachache (gereza likiwa pengine) ambapo Mkenya hulazimika kulala usiku kucha, aghalabu akiwa nusu uchi, kando ya mtu asiyemjua kabila, dini wala mwenendo. Sokoni mtu huchagua muuzaji. Kanisani na msikitini huenda kwa wenzake. Katika shule ya msingi ya kijijini hukaa na watoto wa majirani. Hospitalini hachagui: kitanda kilicho wazi ndicho atakachopewa, na muuguzi aliye zamu ndiye atakayemwosha.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi lugha inavyotumika kuuwezesha ujirani huo wa lazima, na mahali ambapo inaukwaza. Kiswahili kimesifiwa kuwa lugha isiyo na kabila, na sifa hiyo ni ya haki kwa kiasi kikubwa. Lakini kutokuwa na kabila si kutokuwa na historia. Maneno yake yamepitia msikitini, kanisani na bomani kabla ya kufika kitandani pa mgonjwa, na baadhi yake hufika yakiwa bado na makali. Anayeyatumia bila kuyajua makali hayo humkata mtu ambaye hakukusudia hata kumgusa.

Hospitali zilivyogawanywa

Yafaa kukumbuka kwamba hospitali za Kenya hazikujengwa ili watu wachanganyike. Zilijengwa ili watenganishwe. Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa hospitali ya wenyeji yenye vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikapewa jina ililo nalo sasa. Wazungu wa Nairobi walifunguliwa yao mwaka 1954, nayo iliitwa waziwazi Hospitali ya Wazungu. Ndiyo Nairobi Hospital ya leo. Jumuiya za Kihindi zilijenga zao kwa michango ya wafuasi wao. Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958 ikiwapokea watu wa rangi zote, ilikuwa kinyume cha kawaida ya zama zake.

Mashambani mgawanyo ulikuwa wa namna nyingine. Misheni ziligawana nchi kama watu wanavyogawana shamba: Waskoti walikuwa Kikuyu, Tumutumu na Chogoria; African Inland Mission ilikuwa Kijabe; Wamethodisti walikuwa Maua kwa Wameru; Wakweka walikuwa Kaimosi kwa Waluhya; CMS ilikuwa Maseno. Kabila na madhehebu vikafungwa kwa kamba moja. Katika hospitali ya namna hiyo mgonjwa, dresa na mhubiri walisema lugha moja, ileile ambayo misheni ilikuwa imeitafsiria Biblia. Kiswahili hakikuhitajika sana, na wamisionari kadha wa kadha walikishuku kwa kuwa kilinukia Uislamu. Kule pwani, kwa upande mwingine, Kiswahili kilikuwa lugha ya tabibu na ya mwele pia, lakini mwele huyo alidhaniwa kuwa Mwislamu mpaka jina lake lioneshe vingine.

Neno sista ni masalio ya wakati huo. Lilitoka kwa watawa wa Kikatoliki na kwa cheo cha msimamizi wa wodi katika hospitali za Kiingereza, na leo huitwa kwalo muuguzi yeyote wa kike, hata akiwa Mwislamu mwenye hijabu. Hakuna anayeliona ajabu. Neno mganga limepata safari ya kinyume. Mzizi wake ni wa Kibantu na maana yake ya asili ni yule anayeganga, na huko Tanzania bado ni cheo rasmi cha daktari msimamizi wa wilaya au mkoa. Nchini Kenya neno hilo limeshuka hadhi hata likaishia kwa mganga wa kienyeji, na ukimwita daktari mpasuaji wa Nairobi mganga huenda asikuitike.

Uhuru ulileta jambo ambalo misheni hazikuweza kulileta, nalo ni uhamisho. Serikali ilikuwa mwajiri mkuu wa wauguzi, na mwajiriwa wa serikali alipelekwa popote. Muuguzi Mkamba angeweza kujikuta Lodwar, Mluhya Garissa, Mtaita Nyeri. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata kazi yake halisi wodini. Hakikuingia kwa amri ya kamati yoyote. Kiliingia kwa sababu muuguzi hakuwa na jinsi nyingine ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya Katiba ya mwaka 2010. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya kaunti, na kaunti ndizo zinazoajiri. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza shirika la umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka walau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Ni sheria njema. Hata hivyo kaunti nyingi zina kabila moja kubwa, na kiongozi aliyechaguliwa kwa kura za wenyeji hushawishika kuajiri wenyeji. Ajuza asiyesikia Kiswahili hufaidika na hali hiyo, na hilo si jambo dogo. Anayepata hasara ni mgeni: mfanyakazi wa shamba la chai, mwalimu aliyehamishwa, mke aliyeolewa mbali na kwao.

Lugha tatu chini ya paa moja

Ferguson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1959, alieleza daiglosia kuwa ni hali ya aina mbili za lugha moja kugawana kazi, ya juu na ya chini. Wodi ya Kenya ina ngazi tatu, tena za lugha tatu mbalimbali. Kiingereza ni lugha ya faili: madaktari wanapopita asubuhi kitanda baada ya kitanda, mgonjwa huzungumzwa mbele ya uso wake kwa lugha ambayo mara nyingi haielewi vyema, na hubaki akizisoma nyuso zao. Kiswahili ni lugha ya maswali na maagizo: umelala vipi, umekula, geuka, vuta pumzi. Lugha ya mama ni lugha ya mnong'ono.

Ngazi ya tatu ndiyo yenye utata. Tuseme katika hospitali moja ya Bonde la Ufa muuguzi Mkalenjin anamkuta bibi kizee wa kabila lake aliyelazwa jana. Anamsalimu kwa Kikalenjin, na uso wa yule kizee unafunguka. Anaeleza sasa maumivu ambayo jana aliyaeleza kwa neno moja tu la Kiswahili, hapa. Wanacheka kidogo. Katika kitanda cha pili kuna mama Mkikuyu aliyeomba dawa ya maumivu tangu alfajiri. Anasikia lugha asiyoijua, anasikia kicheko, na anapiga hesabu yake. Yumkini dawa imekwisha tu. Yumkini muuguzi alikuwa anamwendea yeye baada ya hapo. Lakini katika eneo lililoona mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa mwaka 2008, hesabu hiyo haikosi tarakimu za kujumlisha.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kupiga marufuku lugha za mama kazini. Hilo ni pendekezo la mtu ambaye hajawahi kumsikiliza mzee akitafuta jina la maumivu yake katika lugha aliyojifunza ukubwani. Maumivu yanayochoma si maumivu yanayopwita, na yanayopwita si yanayonyonga, na mgonjwa asiyeweza kutofautisha haya kwa maneno humpa daktari ramani isiyo na mito. Wauguzi wazoefu wana njia yao, nayo ni njia ya adabu zaidi kuliko ya sheria. Humwambia kwanza jirani kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika: "Samahani mama, huyu nyanya hasikii Kiswahili, niruhusu nimwulize kwa lugha yake, kisha nakuja kwako." Sentensi hiyo moja hugeuza mnongo'no kuwa kazi. Lugha ileile, maneno yaleyale, lakini jirani sasa ni shahidi na si mtu aliyetengwa.

Kuitana

Brown na Gilman, mwaka 1960, walionesha jinsi viwakilishi katika lugha za Ulaya vinavyobeba mamlaka na mshikamano. Mzigo huo katika Kiswahili cha Kenya hubebwa zaidi na majina ya ukoo na rika: mama, baba, mzee, nyanya, babu, dada. Majina haya yana faida moja ambayo majina ya watu hayana. Jina lililoandikwa juu ya faili hutangaza kabila na pengine dini kabla mwenye nalo hajafungua kinywa. Wanjiru, Atieno, Chebet, Mutua na Abdi wamekwisha kupangwa katika akili ya msomaji. Akiitwa mama au mzee, mgonjwa hurudishwa katika jamaa isiyo na mipaka ya wilaya. Huenda muuguzi asijue kwamba anafanya hivyo, lakini mgonjwa huhisi.

Hata hapo pana mashimo. Bibi katika matumizi ya bara nchini Kenya ni mke. Pwani ni nyanya au mwanamke wa heshima. Muuguzi wa kutoka bara anayemwuliza mzee wa Lamu aliko bibi yake anaweza kuambiwa kwamba alikufa miaka hamsini iliyopita. Hayo huchekesha na kupita. Lisilopita ni kumwita mama mwanamke aliyelazwa kwa sababu ya kutopata mtoto, au aliyempoteza usiku uleule. Kwake jina la heshima huwa kidole juu ya jeraha, na hapo dada lingefaa zaidi.

Salamu nazo zina dini. "Hujambo", "habari ya kuamka" na "umeamkaje" humfaa kila mtu. Lakini katika wodi nyingi siku huanza kwa "Bwana asifiwe", na hiyo si salamu tu. Ni wito unaodai itikio, na anayelinyima itikio amejitangaza. Mgonjwa Mwislamu hunyamaza au huitika kwa shingo upande. Tatizo hilo huzidi pale mhubiri anapoingia wodini na kuhubiri katikati ya vitanda, kwa kuwa msikilizaji aliyefungwa bandeji mguuni hawezi kuondoka. Mhubiri huyo angeweza kuketi kando ya yule aliyemwita na kusema kwa sauti ya watu wawili. Kisa cha kinyume chake kipo pwani na kaskazini, ambako Mkristo aliyelazwa husikia salamu ya Kiislamu ikizunguka kitanda hadi kitanda na kumruka yeye, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa jina lake limejulikana.

Hata hivyo Kiswahili kina hazina ambayo lugha nyingi za Kenya hazina, nayo ni neno Mungu. Ngai ana milima yake na Nyasaye ana watu wake, lakini Mungu wa Kiswahili ametajwa na Waislamu kwa karne nyingi na amewekwa na Wakristo katika Biblia yao, na hakuna upande uliomnyang'anya mwenzake. Kwa hiyo "Mungu atakuponya" linaweza kutoka katika kinywa chochote na kuingia katika sikio lolote. Pole nayo ni ya namna hiyo. Haikiri kosa wala haiombi msamaha, inashiriki tu. Mwanafunzi wa utabibu aliyefundishwa kwa Kiingereza pekee huwa na dawa nyingi mfukoni kabla ya kuikumbuka hii isiyogharimu kitu.

Saa, mimba na tohara

Mifano mitatu itaonesha jinsi neno la kawaida linavyoweza kugusa dini, sheria au kabila.

Wa kwanza ni saa. Siku ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hivyo saa mbili za asubuhi ni ile inayoandikwa nane katika faili la Kiingereza. Muuguzi aliyechoka, anayesoma tarakimu kwa Kiingereza na kutamka kwa Kiswahili, anaweza kumwambia mgonjwa anayekwenda nyumbani ameze kidonge saa nane, na mgonjwa akakimeza mchana. Katika mwezi wa Ramadhani tatizo hilo huongezeka kimo. Sheria ya Kiislamu inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kuzilipa siku zake baadaye, lakini wagonjwa wengi wa kisukari na wa shinikizo la damu hupenda kufunga, na baadhi yao hukificha kidonge cha mchana chini ya mto. Muuguzi anayejua maneno daku na futari anaweza kumwuliza mgonjwa moja kwa moja, kisha akamwomba daktari aangalie kama dawa yaweza kupangwa kwa nyakati hizo mbili. Asiyeyajua huandika katika faili kwamba mgonjwa anakataa dawa. Kati ya maneno mawili ya chakula na sentensi moja ya lawama pana tofauti kubwa.

Mfano wa pili ni wa sarufi tupu. Mimba hutoka, au huharibika. Na mimba hutolewa. Kati ya -toka na -toa pana konsonanti moja, lakini kitenzi cha kwanza hakina mtendaji na cha pili kinaye. Katika Kenya mtendaji huyo ana kesi: Kanuni ya Adhabu inamtishia mwanamke anayetoa mimba kinyume cha sheria kwa kifungo cha hadi miaka saba, na ingawa Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu jambo hilo pale maisha au afya ya mama imo hatarini, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, makanisa na misikiti haijaacha kulilaani. Kiingereza cha kitabibu kina istilahi moja, abosheni, inayotumiwa kwa mimba iliyotoka yenyewe na kwa iliyotolewa, ikitofautishwa tu na kivumishi. Muuguzi anayelitafsiri faili mbele ya mama mkwe, kivumishi kikiwa kimeanguka njiani, husema kwamba binti alitoa mimba. Hakusema uwongo kwa kadiri ya faili lake. Lakini mwanamke aliyeingia hospitalini akiwa mfiwa anatoka akiwa mshtakiwa, na ndoa, kanisa na pengine kituo cha polisi vinamngoja nje.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote. Neno tohara asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni usafi, hasa ule wa ibada. Twahara na kutahiri ni ndugu zake. Kwa Mswahili Mwislamu hakuna la ajabu hapo, wala kwa makabila mengi ya bara ambayo hutahiri wavulana kama mlango wa utu uzima: hao walilikuta neno tayari wakalivisha jando lao. Lakini Waluo kwa desturi hawatahiri. Alama yao ya zamani ya kuingia utu uzima ilikuwa kung'oa meno ya chini. Kwao neno hili halikuwa tupu hata kidogo. Lilikuwa na hukumu ndani yake: asiyefanyiwa si safi. Siasa ya Kenya iliitumia hukumu hiyo kwa miaka mingi, na majukwaani ilisemwa bila haya kwamba asiyetahiriwa ni mtoto na hafai kutawala.

Mwezi Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS yalipendekeza tohara ya wanaume kama mojawapo ya njia za kupunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi. Msingi wake ulikuwa majaribio matatu, moja Kisumu kwenyewe, jingine Rakai nchini Uganda na jingine Orange Farm nchini Afrika Kusini, yaliyoonesha kwamba hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke ilipungua kwa takribani asilimia 60. Mpango wa kitaifa ulianza mwaka 2008, na Nyanza ndiyo iliyokuwa shabaha yake kubwa. Mwaka huohuo, katika wiki za mwanzo, wanaume Waluo walikuwa wamekamatwa na magenge huko Naivasha, Nairobi na kwingineko, wakatahiriwa kwa nguvu kwa panga na vipande vya chupa. Tume ya Waki iliyaandika hayo katika ripoti yake. Kitendo kimoja, neno moja, mwaka mmoja: kwanza kama ukatili wa kikabila, kisha kama tiba ya bure.

Kwamba Waluo kwa maelfu mengi walikubali baadaye kwenda kliniki ni jambo linalostahili kuchunguzwa na wanaisimu kama linavyochunguzwa na matabibu. Sehemu ya jibu imo katika kifungu kilichochaguliwa, yaani tohara ya hiari ya wanaume inayofanywa na wataalamu wa afya. Hiari ililijibu panga. Wataalamu wa afya walilijibu jando, wakalitoa tendo hilo katika mikono ya mila za watu wengine. Viongozi wa Kiluo nao walisisitiza kwamba hili ni jambo la afya, si la utamaduni. Neno lenyewe halikubadilishwa, na pengine lingeweza kubadilishwa. Lakini lilizungushiwa maneno mengine kama mwiba unavyozungushiwa nguo ili ushikike.

Siku za hatari

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Majeruhi walipelekwa katika hospitali zilizokuwa karibu, na hospitali hizo hazikuwa na mlango wa kabila hili na wa kabila lile. Waliookoka moto wa kanisa la Kiambaa, tarehe 1 Januari 2008, walitibiwa Eldoret, mjini ambamo watu wa kabila lao walikuwa wanakimbia. Katika siku za namna hiyo hata lafudhi huwa hatari. Mtu akitamka Kiswahili, r na l zake, b na p zake, humtoa kwao na kumweka wazi. Lugha inayosifiwa kwa kuficha kabila hulifichua kwa herufi moja. Wodini, ambako lazima mgonjwa aseme, hana pa kujificha ila katika uaminifu wa anayemsikiliza.

Kaskazini mashariki mtihani ulikuwa wa dini. Baada ya abiria 28 kuuawa katika basi karibu na Mandera mwezi Novemba 2014, kwa kutengwa Waislamu na wasio Waislamu, walimu na wahudumu wengi wa afya kutoka bara waliondoka. Mnamo Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kisha tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lilisimamishwa na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao. Wanawake wao walikuwa wamewapa wasio Waislamu hijabu wajifunike. Salah Farah, mwalimu Mwislamu aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki mwezi Januari 2016 akiwa anatibiwa Nairobi. Ushujaa wake umesimuliwa, na unastahili. Lakini walioondoka waliacha pengo ambalo ushujaa hauwezi kulijaza, maana mama anayejifungua anahitaji mkunga, na mkunga anahitaji lugha. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari bingwa wapatao 100 kutoka Kuba, wenye lugha ya Kihispania; wawili kati yao walitekwa nyara Mandera mwezi Aprili 2019. Mtu na afikirie safari ya malalamiko ya mgonjwa mmoja: kutoka Kisomali hadi Kiswahili, kutoka Kiswahili hadi Kiingereza, na kutoka Kiingereza hadi akilini mwa daktari, kisha majibu yarudi kwa njia hiyohiyo.

Mkalimani asiye na kiti

Safari hiyo humpitisha mgonjwa mikononi mwa mkalimani, naye mkalimani wa hospitali za Kenya aghalabu si mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Ni mfagiaji, ni mlinzi wa mlangoni, ni mgonjwa mwenzake. Mara nyingi ni mtoto wa mgonjwa, aliyesoma shule. Mvulana wa miaka kumi na miwili anapotakiwa amweleze daktari kutokwa damu kwa mama yake, hakuna dini wala kabila nchini lisiloona aibu. Mama huficha, mtoto hupunguza, na daktari huandika kilichobaki.

Wasomi wa Kiswahili hawajaisaidia sana kazi hii. TUKI ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba, na ni kazi ya kushukuriwa, lakini istilahi si mazungumzo. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kujua jina la kila kiungo asijue namna ya kumwuliza shekhe mzee juu ya haja yake ndogo bila kumvunjia heshima, wala namna ya kumweleza mfuasi wa Mashahidi wa Yehova kwamba upasuaji unaweza kuhitaji damu, bila maelezo hayo kusikika kama vita. Idara za lugha zinazofundisha tamthilia na ushairi kwa wauguzi wa kesho zingeweza pia kuwafundisha salamu, tasfida na utaratibu wa kuomba radhi ya jirani kabla ya kugeuza lugha.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Imeongeza hapo sharti dogo: inapowezekana. Anayeamua kama inawezekana, saa tisa za usiku katika wodi ya kina mama, ni muuguzi mmoja mwenye vitanda vingi na fomu ya idhini ya upasuaji iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa ni Mborana asiyesikia Kiswahili. Anayejua Kiborana na Kiswahili pia ni mwanamke wa kitanda cha pili, Mkristo wa kutoka Marsabit, mwenye mshono wa jana. Huyo ndiye anayeinuka polepole, akishika tumbo, kuja kutafsiri.